Kupanda Mlima Meru: mwongozo kwa aliyezaliwa chini yake

Ukikaa Sakina, Ilboru au Tengeru, Mlima Meru ni jirani. Asubuhi unamwona kajifunga kilemba cha wingu, jioni kakivua, mnaangaliana, kila mtu na shughuli zake. Miaka inapita hujawahi kubisha hodi. Mimi nilifika miaka 34 hivyo hivyo, mpaka rafiki yangu mmoja wa Moshi, ambaye kwao mlima ni mmoja na mingine yote ni vichuguu, aliponichokoza: "Nyie watu wa Arusha mlima wenu ni wa kupamba kalenda tu." Nikaapa kumwonyesha.

Sikumwonyesha kitu. Mara ya kwanza niliishia Cobra Point, chini kidogo ya kilele, nikitapika, yeye amekaa juu ya jiwe ananisubiri kwa adabu zote, na adabu ile iliniuma kuliko maneno yake. Mara ya pili nilifika kileleni lakini kushuka nilishuka kwa makalio. Mara ya tatu ndiyo nilipanda na kushuka kama mtu. Haya ninayoandika yanatoka kwenye safari hizo tatu, na nayaandika hasa kwa mwenyeji, kwa sababu mwenyeji ndiye anayedanganyika kirahisi. Anadhani kuzaliwa chini ya mlima ni kuuzoea.

Ujue kwanza unapanda nini

Meru una urefu wa mita 4,566 kwa kipimo kinachotajwa sana, ingawa utakutana pia na 4,562. Ni wa pili kwa urefu Tanzania baada ya Kilimanjaro wenye mita 5,895. Mji wa Arusha uko kwenye mita 1,400 hivi, na Moshi iko chini zaidi. Maana yake ni kwamba kati ya kitanda chako na kilele kuna zaidi ya kilomita 3 za kwenda juu, na mwili wako haujui kwamba babu yako alilima migomba kwenye mteremko huo huo. Hewa ya kule juu ina msukumo uliozidi kidogo tu nusu ya ule wa pwani. Mzungu aliyetua jana na wewe uliyetoka Ngaramtoni leo mnatofautiana kidogo sana.

Umbo lake ndilo linaloufanya uwe mgumu. Meru ni volkano iliyomeguka upande wa mashariki maelfu ya miaka iliyopita, kama kikombe kilichovunjika mdomo. Vifusi vilivyoporomoka ndivyo vile vilima vidogo vidogo unavyoviona ukizunguka Momella. Ndani ya kikombe kumebaki koni ya majivu yenye mita 3,667, na mara ya mwisho mlima ulipotoa majivu ni mwaka 1910. Njia ya kwenda kileleni inapita juu ya ukingo wa kikombe hicho: miamba, mchanga wa volkano, na upande wako wa kushoto shimo la kasoko ambalo ukuta wake una kimo cha karibu mita 1,500. Kamba na vyuma vya kupandia huhitaji. Unahitaji miguu isiyotetemeka na kichwa kinachofanya kazi saa kumi alfajiri.

Siku 3 au siku 4?

Nne. Ningeweza kuishia hapo, lakini najua utabishana, maana siku ya ziada ni hela. Basi tuhesabu pamoja.

Usiku wa kwanza unalala vibanda vya Miriakamba, mita 2,514. Usiku wa pili unalala Saddle Hut, mita 3,570. Hapo umepandisha kitanda chako mita 1,056 kwa siku moja. Ushauri wa kawaida wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa siku. Kwa hiyo Meru, hata ukiupanda taratibu kiasi gani, tayari unavunja kanuni. Na usiku huo huo unaamka kwenda 4,566.

Siku ya nne haibadilishi hesabu hiyo ya kupanda. Inachobadilisha ni kushuka. Wa siku 3 anatoka kileleni asubuhi na kushuka mpaka lango la Momella, mita 1,500, siku hiyo hiyo: zaidi ya mita 3,000 za kwenda chini kwa magoti yaliyokesha. Wa siku 4 anashukia Miriakamba, anakula, analala, kesho yake anamalizia msitu akiwa na akili zake. Mimi mara ya pili nilichukua siku 3 ili niokoe fedha. Nilichookoa nilikinunulia dawa ya kuchua, na bado wiki nzima nilikuwa nikishuka ngazi za nyumbani kinyumenyume, watoto wakicheka.

Kama una nafasi ya kuongeza siku upande wa kupanda, iombe mapema kwa watu watakaokupeleka: usiku wa ziada Saddle Hut ni dawa kuliko kidonge chochote.

Msimu

Nenda kati ya Juni na Oktoba, au Desemba mpaka Februari. Masika ya Machi hadi Mei msituni ni utelezi, ukungu na siafu, na juu miamba inashika barafu nyembamba usiyoiona. Novemba ina vuli, ni bahati nasibu. Ukiweza, angalia kalenda ya mwezi, upange usiku wa kilele uangukie karibu na mwezi mpevu. Tochi utaibeba tu, ila kuona ukingo mzima umekaa mbele yako kama mgongo wa mamba kunakupa moyo kuliko kuona viatu vya mwenzako masaa matano.

Vibali, malipo na usafiri

Mlima uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, chini ya TANAPA. Huwezi kujipandia. Kuna nyati wengi, kuna tembo na chui, kwa hiyo kila kundi linatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Malipo yana vipande kadhaa: kiingilio kinachohesabiwa kwa kila saa 24, kibanda kwa kila usiku, askari, na ada ya uokoaji. Mtanzania na mwana Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, tena sehemu ndogo tu ya anachotoa mgeni, kwa hiyo kitambulisho cha taifa kiwe mfukoni na si picha yake kwenye simu iliyozimika. Viwango hubadilika, uliza vya mwaka husika kabla ya kukusanya michango. Malipo ni kwa namba ya kumbukumbu au kadi. Usiende langoni na bulungutu la noti ukidhani litakusaidia.

Nashauri mpite kwenye kampuni yenye leseni, hata kama ni kwa huduma ndogo: mpishi, mwongozaji na wagumu. Mgumu, kwa asiyelijua jina hilo, ni mpagazi, na ukimwona anakupita mteremkoni na mtungi wa gesi kichwani huku anapiga mluzi utaelewa jina lilitoka wapi. Kusanyeni watu sita au wanane, gharama zinagawanyika vizuri. Kabla ya kulipa uliza waziwazi: wagumu wanalipwa shilingi ngapi kwa siku na wanakula nini? Anayeona aibu kujibu, mwache.

Kufika ni rahisi. Anayetoka Arusha na anayetoka Moshi wote wanakutana Usa River, ndipo njia panda ya kwenda hifadhini. Daladala zinakufikisha hapo. Kuanzia hapo tafuta gari la kundi, kwa sababu kati ya lango la kuingilia na Momella mnapita katikati ya wanyama. Muwe Momella kabla ya saa nne asubuhi. Kuandikisha majina na kupima mizigo kunakula muda, na mkichelewa mnatembea msituni jua likiwa limeshakolea.

Mazoezi: wiki nane, hasa ya kushuka

Watu wanajiandaa kupanda, hakuna anayejiandaa kushuka. Mpanda ngazi hushuka, wazee walishasema, na kwenye Meru anayeshuka ndiye anayeumia. Msuli wa paja wakati wa kushuka unafanya kazi ya breki: unavutwa huku unajikaza. Breki hiyo haifundishwi na kukimbia uwanjani.

Mimi natumia kilima cha Suye. Jumamosi asubuhi, begi lenye dumu la lita 5, napanda kwa mwendo wa kawaida halafu nashuka polepole mno, kila hatua naishika. Wiki za kwanza mara mbili, baadaye mara nne kwa safari moja. Watu wa Moshi mna bahati, mna vilima mpaka mnavikanyaga: nendeni Materuni au Kibosho kwa miguu, mshuke kwa miguu, msidandie bodaboda kurudi. Katikati ya wiki ngazi za jengo lolote refu zinatosha. Viatu utakavyopanda navyo viwe ndivyo hivyo hivyo vya mazoezi. Kiatu kipya mlimani ni adui uliyemnunua mwenyewe.

Kama una presha, pumu, kisukari, selimundu au ni mjamzito, mwone daktari kabla ya yote. Selimundu naitilia mkazo, maana wapo watu wanaoishi nayo vizuri mjini na hewa nyembamba ikawaangusha.

Nguo, au jinsi ya kuvaa kama kitunguu

Joto hupungua nyuzi 6 na nusu hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Arusha usiku ikiwa na nyuzi 15, kileleni ni karibu 6 chini ya sifuri, na hapo hujahesabu upepo. Upepo wa ukingoni hauna adabu.

Usinunue vitu vya dukani kwa bei ya mtalii. Mitumba ya Kilombero pale Arusha na Memorial pale Moshi imejaa nguo za baridi ambazo Ulaya zimeshachokwa. Tafuta:

- fulana mbili za ndani za kitambaa kinachokauka haraka (pamba hapana, ikilowa jasho inakaa na baridi kama kitambaa cha homa);
- sweta la manyoya mepesi, na koti zito lenye kofia;
- koti la mvua na suruali yake, ambavyo kazi yake kubwa juu ni kuzuia upepo;
- suruali ya kubana ya ndani na suruali pana juu yake, jinzi iache nyumbani;
- mzula, skafu, na glavu pea mbili, nyembamba ndani na nene nje;
- soksi nene pea tatu, moja usiiguse mpaka usiku wa kilele;
- buti zinazoshika kifundo cha mguu.

Vitu viwili usikope wala usibahatishe: tochi ya kichwani yenye betri mpya, na slipingi begi ya baridi kali. Vingine vinakodishwa. Fimbo mbili za kutembelea watu wanaziona za wazee. Mimi pia niliziona hivyo, mara mbili za kwanza.

Mzigo wa mgumu nahakikisha hauzidi kilo 12. Mgongoni nabeba mwenyewe maji lita 3, koti la mvua, vitafunwa na karatasi ya chooni ndani ya mfuko wa kitambaa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019 na hifadhini hawana mzaha nayo. Vitafunwa viwe vile unavyovipenda hata ukiwa mgonjwa. Kwangu ni kashata, tende na karanga. Kule juu hamu ya kula inakufa, na chakula cha afya usichokipenda utarudi nacho nyumbani.

Siku ya kwanza: Momella hadi Miriakamba

Kuna njia mbili: fupi inayopanda kwa ukali, na ndefu inayozunguka msituni na kupita chini ya ule mtini mkubwa uliofanya tao ambalo tembo anaweza kupita. Panda kwa ndefu, teremka kwa fupi. Ni masaa matano au sita ya kutembea kwa starehe, mkianza na uwanda wa majani wenye nyati na twiga, kisha mnaingia kwenye msitu wa mitarakwa iliyofunikwa ndevu za ukungu. Mbega watawaangalia kutoka juu na mikia yao myeupe kama wazee wa baraza.

Sheria ni moja: usimpite askari, usibaki nyuma ukipiga picha. Nyati haonyi kwanza. Askari wetu mara ya kwanza alisimama ghafla, akainua mkono, tukasimama kama sanamu dakika nzima bila kuona chochote. Kichaka kikatikisika, kikatulia. "Kaka, huyo alikuwa anatusikiliza tangu pale mtoni," akaniambia, akaendelea na safari.

Siku hii ndiyo ya kujifunza mwendo. Kama huwezi kuongea sentensi nzima bila kuhema, unakwenda mbio. Bandu bandu huisha gogo. Fanya hatua ziwe fupi mpaka zikuchoshe kwa ufupi wake.

Siku ya pili: Saddle Hut na Meru Ndogo

Njia inageuka kuwa ngazi za mbao na udongo, nyingi, na ndizo zitakazokutukanisha. Mapumziko mazuri ni Mgongo wa Tembo, ambako mnaona vizuri kasoko na koni ya majivu. Miti inafupika, inakuwa vichaka, baridi inaanza kuongea. Masaa matatu hadi matano mnafika Saddle Hut.

Hapa ndipo nilipoharibu safari yangu ya kwanza. Nilifika saa saba mchana, nimechangamka, nikajitupa kitandani nikalala mpaka jioni. Wenzangu walikwenda Meru Ndogo, kilele kidogo cha jirani chenye mita 3,820, mimi nikasema naweka akiba ya nguvu. Usiku kichwa kikaanza kugonga kama karakana ya Unga Limited. Panda Meru Ndogo. Ni kama saa moja kwenda, mwendo wa konokono, unakaa juu nusu saa unakunywa chai, unashuka. Mwili umeonja hewa ya juu kisha umerudi kulala chini, na huo ndio mchezo wote wa kuzoea mwinuko. Ukibaki umelala mchana, unapumua kidogo, na hicho kidogo hakitoshi.

Kula mapema jioni: supu, viazi, uji. Mtori ukiwepo, usiuache. Panga begi la usiku kabla giza halijaingia, nguo za kuvaa ziweke ndani ya slipingi begi pamoja na betri na simu, maana baridi inamaliza chaji. Hutalala sana. Hakuna anayelala.

Usiku wa kilele

Mnaamshwa saa sita, chai na biskuti, saa saba usiku mnaondoka. Anza ukiwa unasikia baridi kidogo. Ukianza umevaa kila kitu, baada ya dakika 20 umelowa jasho, na jasho hilo litakugandia ukingoni. Hiki ni kitu kidogo na ndicho kinachowarudisha watu wengi.

Saa ya kwanza ni kupanda kwa nguvu hadi Rhino Point. Halafu inakuja sehemu ambayo haisemwi sana na matangazo: njia inashuka kidogo na kukatiza kwenye mwamba mtupu, ulioinama. Unageuza uso kuelekea mwamba, unatumia mikono, unahakikisha viungo vitatu vimeshika ndipo unasogeza cha nne. Fimbo zikunje kabla hujafika hapo, zisikuninginie mikononi. Asiwepo mtu moja kwa moja juu yako wala chini yako. Kama kuna barafu, kundi zima lisubiri neno la mwongozaji, na neno hilo likiwa "turudi", mnarudi. Mwamba utakuwepo mwakani.

Baada ya hapo ni ukingo, mchanga na mawe, masaa. Hatua mbili mbele, nusu nyuma. Tembea kwa pumzi: vuta hatua moja, toa hatua moja. Vua tamaa ya kuangalia juu, kwa sababu kila kilele unachokiona gizani ni cha uongo. Pumzikeni dakika tatu au nne tu, mkiwa mmesimama au kuegemea. Ukikaa dakika kumi baridi inaingia kwenye mifupa na haitoki. Chupa ya maji iwe ndani ya koti au ibebwe kichwa chini, kwani maji huanza kuganda juu, na ikiwa imegeuzwa mdomo unabaki wazi. Ya mrija itaganda, usiitegemee.

Cobra Point ni mita 4,350 hivi. Hapo simama ujikague kwa ukweli, maana kutoka hapo mpaka kileleni ndiko wengi wanakopitiliza uwezo wao. Kichwa kuuma kidogo, kichefuchefu kidogo, uchovu: huwapata wengi, ila ni dalili za kwanza za ugonjwa wa mwinuko, mwambie mwongozaji na usipande zaidi mpaka zitulie. Lakini mtu akianza kuyumba kama aliyetoka kilabuni, akijibu maswali hovyo, akikohoa kwa mkwaruzo wenye povu, au akihema hata akiwa amesimama tuli, hapo hakuna mjadala wa kumpa dakika tano. Anashuka sasa hivi, usiku huo huo, na mtu wa kumshika, asiachwe peke yake "atusubiri hapa". Jaribio rahisi: mwambie atembee mstari mnyoofu, kisigino kugusa kidole. Akishindwa, safari yake imekwisha.

Dawa ya asetazolamidi, inayojulikana zaidi kwa jina la Diamox, inasaidia wengine kuzoea haraka. Ulizia kwa daktari wiki kadhaa kabla, hasa kama una mzio wa dawa za salfa, na usigawiwe na rafiki gizani kama pipi. Na hakuna dawa ya maumivu inayotibu ugonjwa wa mwinuko, inauficha tu mpaka ukue.

Mimi mara ya kwanza nilifanya jambo moja zuri katika mengi mabaya: nilisema. Wanaume wa kwetu tunapenda kunyamaza mpaka tuanguke. Nikamwambia mwongozaji naona nukta nukta na nimetapika mara mbili. Hakunicheka. Aliniambia, "Asante kwa kuniambia, braza, tugeuke," na nusu saa baadaye, mita 200 chini, kichwa kilikuwa kimeshuka moto kama jiko lililomwagiwa maji.

Mkienda vizuri, saa kumi na mbili na nusu mko kileleni au mmekaribia, na jua linatokea upande wa Kilimanjaro. Jina la kilele ni Socialist Peak, kumbukumbu ya enzi za Ujamaa. Rafiki yangu wa Moshi aliangalia upande wa kwao, Kibo ikielea juu ya mawingu, akasema, "Unaona? Hata ukipanda wako, unachotazama ni wetu." Sikuwa na pumzi ya kumjibu.

Piga picha, kula tende, vaa kila kitu ulichobeba. Dakika 20 zinatosha.

Kushuka

Sasa ndipo unauona mlima. Usiku ulipita kwenye ukingo ukiwa na duara la tochi. Asubuhi shimo limekaa wazi upande wa kulia na baadhi ya watu wanaganda, miguu inakataa. Ikikutokea, usione haya. Kaa karibu na mwongozaji, angalia hatua tatu mbele tu, ongea. Kuna dada katika kundi letu la tatu aliyeshuka ukingo mzima akimhadithia mwongozaji namna ya kupika loshoro, kipimo kwa kipimo, na alipofika Rhino Point alikuwa hajamaliza kukoroga.

Fimbo zirefushe kidogo kuliko wakati wa kupanda. Magoti yakunje, uzito uwe katikati ya miguu, usiegemee nyuma. Anayeegemea nyuma kwa woga ndiye anayeteleza. Kwenye mchanga mlaini unaweza kushukia visigino, kwenye mwamba weka unyayo wote. Funga kamba za buti upya kabla ya kuanza ili vidole visigonge mbele, la sivyo kucha za vidole gumba utaziaga wiki ijayo. Maji yako, hata kama hayakutoshi, yagawe: lita moja iwe bado ipo mnapogeuka.

Mwamba wa Rhino Point unaurudia sasa ukiwa umechoka na jua limeshaupasha. Nenda taratibu kuliko ulivyopita usiku. Ajali za kizembe zinapenda saa hizi, mtu akiwa tayari yuko kwenye simu kichwani mwake, anatuma picha.

Saddle Hut mtakunywa chai na kulala saa moja. Wa siku 4 wanashuka hadi Miriakamba, wanaoga kwa maji ya beseni, wanalala kama magogo. Asubuhi ya mwisho ni msitu, njia fupi, masaa mawili hadi matatu, askari mbele.

Bahasha za wagumu zitayarishe nyumbani, kila mtu na yake, na mpe mwenyewe mkononi mbele ya wenzake pale Momella. Usimkabidhi mtu mmoja akagawe. Nguo za baridi ambazo huna mpango nazo tena, hapo ndipo pa kuziacha. Mara ya tatu niliacha koti langu la Kilombero kwa kijana aliyekuwa amenibebea, na miezi miwili baadaye nikamwona nalo stendi ya Usa River, mvua inanyesha, ananipungia mkono kutoka dirishani mwa daladala.